Mzazi Mwenzako Anapokunyima Mtoto: Hatua za Kufuata Kuanzia Siku Ileile ya Kwanza

Umefika saa nne kamili asubuhi kama mlivyokubaliana. Umebisha hodi, kimya. Pazia limetikisika kidogo, kisha ujumbe ukaingia kwenye simu yako: "Leo haiwezekani, mtoto amechoka." Wiki mbili zilizopita alikuwa na mafua. Kabla ya hapo walikuwa na safari. Nawe umesimama nje na begi lenye nguo alizosahau kwako mara ya mwisho, na unajua fika kwamba yumo ndani, maana viatu vyake viko pale pale mlangoni.

Nimemwandikia mwongozo huu mzazi aliyesimama hapo, awe baba au mama. Sheria zinatofautiana kutoka nchi hadi nchi, na utamhitaji mtu anayezijua za kwako. Hata hivyo njia yenyewe inafanana karibu kila mahali, na wazazi huiharibu kwa namna mbili: kutumia nguvu, au kunyamaza. Anayetumia nguvu hugeuka yeye kuwa mshtakiwa. Anayenyamaza hukuta mwaka umepita, mtoto amezoea maisha bila yeye, na mahakama inasita kuyavuruga mazoea hayo. Yote ninayoeleza hapa chini yanapita katikati ya makosa hayo mawili.

Pale mlangoni

Usipige kelele, usisukume mlango, wala usiende kumvizia mtoto shuleni ukamchukua kimyakimya, hata kama amri ya mahakama iko mfukoni mwako. Amri inampa mzazi mwenzako wajibu wa kumtoa mtoto. Haikupi wewe ruhusa ya kumnyang'anya. Na kumbuka mtoto yuko upande wa pili wa ule mlango, anasikia kila neno.

Tuma ujumbe mfupi ukiwa bado hapo. Kwa mfano:

"Mama watoto, habari za asubuhi. Nimefika saa nne kamili kumchukua mtoto kama tulivyopanga. Nimebisha hodi, sijafunguliwa. Nitasubiri hapa nje mpaka saa nne na nusu. Kama leo haiwezekani, naomba iwe kesho Jumapili saa nne, au Jumamosi ijayo saa nne. Naomba unijulishe ipi inafaa."

Uangalie vizuri ujumbe huo. Una saa, una tukio, una maombi mawili yanayotekelezeka. Hauna lawama, hauna "siku zote unanifanyia hivi", hautaji ndugu zake wala mwenzi wake mpya. Kila unachokiandika kuanzia leo, kiandike ukijua kwamba siku moja hakimu asiyewajua nyinyi wawili atakisoma kwa sauti mbele yenu. Basi subiri mpaka muda uliousema, kisha ondoka.

Kuna hali moja tu inayobadilisha hesabu hii. Kama una sababu ya kweli ya kuamini mtoto yuko hatarini wakati huo, kwamba anapigwa, hajalishwa, au ameachwa peke yake, piga simu polisi au kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto saa hiyohiyo uombe waende kumwangalia. Usilitumie hilo kama mbinu. Taarifa ya uongo ikishagundulika, kila utakalosema baadaye litatiliwa shaka.

Jua umesimama wapi kisheria

Kabla ya kuchukua hatua yoyote kubwa, jibu swali hili: una karatasi gani mkononi?

Wazazi wengi hawana karatasi yoyote. Waliachana, wakapanga kwa mdomo, mpango ukaenda vizuri mwaka mmoja au miwili, kisha ukakatika. Kama hiyo ndiyo hali yako, hakuna amri iliyovunjwa, kwa hiyo huwezi kuomba mzazi mwenzako aadhibiwe. Unachoweza ni kuomba amri itolewe. Na pengine kuna hatua ya kwanza kabisa kabla ya hiyo: katika nchi nyingi, baba ambaye hakufunga ndoa na mama wa mtoto hutakiwa kwanza athibitishe kwamba ni baba, kwa jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa ukiri wa wazazi wote wawili, au kwa kipimo cha vinasaba. Kagua cheti hicho leo. Nimeona watu wakipoteza miezi kwa kulikumbuka hilo siku ya kusikilizwa.

Wengine wana makubaliano ya maandishi, yaliyofanyika mbele ya wazee, viongozi wa dini, wakili au afisa ustawi wa jamii. Hayo yana uzito kama ushahidi wa kile mlichokubaliana, lakini mara nyingi hayana meno mpaka yawasilishwe mahakamani yakawa amri.

Na wengine wana amri kamili. Hao wanapaswa kuisoma upya, polepole, neno kwa neno. Tofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: nani anaishi na mtoto, nani ana sauti katika maamuzi makubwa kama shule na matibabu, na nani ana haki ya kuonana naye na lini. Mtu anaweza kukosa la kwanza na bado akawa na mawili yaliyobaki. Kama huna nakala iliyothibitishwa yenye muhuri, iombe masjala, yaani ofisi ya majalada, ya mahakama iliyoitoa, utaihitaji kila unapokwenda.

Haki hii ni ya nani?

Naomba ukae kidogo hapa, kwa sababu jibu lake litabadilisha namna utakavyozungumza mahakamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 9, unasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi mmoja au wote wawili ana haki ya kudumisha uhusiano na kuonana moja kwa moja na wazazi wake mara kwa mara, isipokuwa pale jambo hilo linapopingana na maslahi yake. Nchi 196 zimejifunga na mkataba huo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unarudia jambo hilohilo katika ibara yake ya 19. Soma tena: mtoto ana haki. Wewe unadai kwa niaba yake.

Kwa hiyo mzazi anayesimama mbele ya hakimu akasema "ni damu yangu, nina haki naye" anaanza vibaya. Anayesema "mtoto alikuwa akilala kwangu kila Ijumaa, mimi ndiye ninayemsaidia hesabu, na tangu mwezi wa tatu hajaniona" amezungumza lugha ambayo mahakama inaielewa.

Lile neno "isipokuwa" nalo lisikupite. Jiulize kwa ukweli, ukiwa peke yako: kuna jambo linalomtia mzazi mwenzako hofu? Ulikuja umelewa? Ulimpiga zamani? Ulimchelewesha mtoto usiku bila kutoa taarifa? Kama lipo, lishughulikie kabla hujaenda mahakamani, maana litakuwa la kwanza kutajwa. Na kama wewe unayesoma ndiye uliyefunga mlango kwa sababu unaogopa ukatili, usikae tu na mlango uliofungwa. Nenda ukaombe amri ibadilishwe, isimamishwe kwa muda, au mtoto aonane na mwenzako mbele ya msimamizi. Hofu yako inaweza kuwa halali kabisa, lakini ikibaki moyoni mwako bila kufikishwa mahakamani, kwenye jalada itaonekana kama ukaidi.

Daftari

Hiki ndicho kifaa chako muhimu kuliko vyote. Nunua daftari moja lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoka, na uandike siku ileile tukio linapotokea. Kumbukumbu ya miezi sita iliyoandikwa usiku mmoja kabla ya kesi huonekana wazi: wino mmoja, mwandiko mmoja, hasira moja.

Ingizo liwe hivi:

"Jumamosi. Nimefika 4:00 asubuhi. Sikufunguliwa. Ujumbe kutoka kwake 4:12: mtoto amechoka. Nimependekeza siku nyingine mbili, hakujibu. Nimeondoka 4:35. Nilikuwa na jirani yangu, amesubiri kwenye gari."

Ukurasa unaofuata: "Jumatano. Nimepiga simu 1:00 jioni, muda wetu wa kuongea. Imepokelewa, nikaambiwa mtoto anaoga. Nimepiga tena 1:30, imezimwa."

Na huu, ambao watu wengi huusahau: "Jumamosi. Nimempata mtoto 4:10 bila tatizo. Nimemrudisha 12:00 jioni. Mama yake amenishukuru."

Andika na siku zilizokwenda vizuri. Daftari lenye mabaya matupu humfanya msomaji ahisi umeandaa mashtaka. Lenye yote mawili linaaminika, na linamwonyesha hakimu ni lini hasa mambo yalianza kuharibika na nini kilitokea wiki hiyo. Mara nyingi kuna kitu: uchumba mpya, kuhama nyumba, ugomvi wa fedha.

Ujumbe wa simu usiufute, hata ule unaokuaibisha. Upige picha ya skrini inayoonyesha tarehe na namba, kisha uhifadhi nakala mahali pengine, maana simu huibiwa na huharibika. Hifadhi tiketi za safari, stakabadhi za matunzo, barua za shule. Kuhusu kurekodi sauti kwa siri, muulize kwanza mwanasheria, kwa sababu katika baadhi ya nchi ni kosa. Na usimrekodi mtoto akihojiwa kuhusu mzazi wake, hata pale sheria isipokukataza. Mahakama zinakuona wewe unayehoji kuliko zinavyomsikia yeye anayejibu.

Mitandao ya kijamii iache kabisa. Usiweke picha ya mtoto yenye maneno ya kulalamika, usimtaje mzazi mwenzako, usimjibu mtu anayekuuliza hadharani. Kesi za watoto huendeshwa kwa faragha katika nchi nyingi, na kuanika mambo yake kunaweza kukufanya wewe uwe ndiye uliyevunja sheria.

Matunzo yaendelee

"Simwoni, basi sitoi." Naielewa hasira iliyo nyuma ya maneno hayo. Lakini fedha ya matunzo ni ya mtoto kama ilivyo haki ya kuonana, na karibu kila mahakama huyatazama kama mambo mawili yasiyofungamana. Kutotoa matunzo hakufungui mlango. Kunampa tu mzazi mwenzako jibu la kutoa siku ya kesi. Toa, toa kwa njia inayoacha alama, benki au pesa za simu, na uandike kwenye muamala "matunzo ya mwezi fulani". Kama umepungukiwa kweli, omba mahakama ipunguze kiwango. Usijipunguzie mwenyewe.

Kwa upande wa pili ni vivyo hivyo: kuchelewa kwa matunzo si ruhusa ya kumficha mtoto.

Jaribu kuzungumza, lakini kwa muda maalumu

Baada ya mara mbili au tatu za kunyimwa, andika barua moja rasmi ya upole. Taja tarehe ulizonyimwa, taja makubaliano au kifungu cha amri, pendekeza ratiba ya kufidia siku zilizopotea, na weka siku ya mwisho ya kujibiwa, tuseme siku kumi na nne. Kama una wakili, barua itoke kwake. Kama huna, iandike mwenyewe na uipeleke kwa njia inayothibitisha kwamba imefika.

Usuluhishi unaweza kufanyika kwa afisa ustawi wa jamii, kwa msuluhishi wa mahakama, au kwa wazee mnaowaheshimu nyote wawili. Katika nchi kadhaa huwezi hata kufungua kesi bila kuonyesha kwamba ulijaribu. Faida yake ni kwamba mambo madogo, kama nani amlete na nani amchukue, huamuliwa vizuri zaidi na watu wanaoketi pamoja kuliko kwa amri. Penye historia ya ukatili usikubali kukalishwa chumba kimoja na mtu aliyekuumiza. Waeleze waandaaji mapema, kuna namna ya kusuluhishwa mkiwa vyumba tofauti, na mara nyingine usuluhishi haufai kabisa.

Mkikubaliana, yaandikwe, yatiwe saini, kisha yapelekwe mahakamani yasajiliwe. Usiridhike na kupeana mikono.

Muda unapita, na hilo usilisahau mkiwa mnazungumza. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imesema mara nyingi kwamba katika kesi za mzazi na mtoto, kupita kwa muda peke yake kunaweza kuleta madhara yasiyorekebishika. Mwezi mmoja kwako ni mwezi tu. Kwa mtoto wa miaka miwili ni sehemu kubwa ya maisha yake anayoyakumbuka. Ukiona mazungumzo yanavutwa, endelea na hatua inayofuata huku ukiacha mlango wa kuzungumza wazi.

Kuomba amri: omba kitu kinachopimika

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa bila mtu kujua. Amri inasema "mzazi atapewa muda wa kutosha kuonana na mtoto kwa makubaliano ya pande zote." Inasikika vizuri. Miezi mitatu baadaye unarudi mahakamani kulalamika, hakimu anakuuliza amevunja nini, nawe huna la kuonyesha. Muda wa kutosha ni kiasi gani? Hamkukubaliana, basi hakuna kilichovunjwa.

Ilinganishe na hii: "Mtoto atakuwa na baba yake kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, kuanzia saa nne asubuhi hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni. Baba atamchukua nyumbani kwa bibi mzaa mama na kumrudisha hapohapo." Ukifika saa nne Jumamosi ya tatu na mtoto hayupo, kila mtu anaona kilichotokea.

Kwa hiyo unapoandika maombi, au unapomweleza wakili, taja siku na saa za kuanza na kumaliza. Taja mahali pa kukabidhiana, na kama nyumbani kuna ugomvi omba pawe shuleni: mmoja anamwacha asubuhi, mwingine anamchukua mchana, wazazi hawakutani. Taja likizo na sikukuu, na nani anaanza mwaka huu. Taja simu, siku gani na saa ngapi, na kwamba mtoto aachwe aongee bila kusimamiwa. Taja nani mwingine anaruhusiwa kumchukua ukishindwa kufika, na taarifa ya siku ngapi inahitajika kubadilisha ratiba. Omba iandikwe kwamba siku iliyokosekana itafidiwa ndani ya muda fulani. Omba pia upewe taarifa za shule na hospitali moja kwa moja, usitegemee kuambiwa.

Kwa kuwa kesi yenyewe huchukua muda, omba na amri ya muda, ili mtoto aanze kukuona huku shauri likiendelea. Hata saa mbili kwa wiki mbele ya msimamizi zikubali. Wengi hukataa kwa sababu wanajiona wanafanywa wahalifu. Mimi nasema zikubali, nenda kila mara, fika mapema. Ripoti ya msimamizi inayosema mtoto alikimbilia mikononi mwako itazungumza kuliko kiapo chochote.

Bibi na babu, au ndugu aliyekuwa akimlea mtoto, nao huruhusiwa kuomba katika nchi nyingi.

Amri ipo na imevunjwa

Sasa unarudi mahakama ileile kwa maombi ya kukazia amri, au ya kumtaka mjibu maombi, yaani mzazi mwenzako, aeleze kwa nini asiadhibiwe kwa kudharau mahakama. Jina la maombi hutofautiana, lakini unachopaswa kuthibitisha ni kilekile: kwamba amri ilikuwapo na ilieleweka, kwamba aliijua, kwamba angeweza kuitii, na kwamba hakuitii bila sababu ya msingi.

Hilo la kuijua limeangusha maombi mengi. Kama hakuwapo siku amri ilipotolewa, hakikisha alipelekewa nakala na kuna uthibitisho wa kupokea. La sababu ya msingi nalo lina mipaka. Homa kali yenye cheti cha daktari ni sababu. "Mtoto hakutaka" peke yake mara nyingi si sababu, kwa kuwa mzazi anayeishi naye anategemewa kumtia moyo, kama anavyomtia moyo kwenda shule.

Ambatanisha kwenye hati yako ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia, jedwali fupi la tarehe, ukurasa mmoja tu: tarehe, kilichotakiwa, kilichotokea, kielelezo namba ngapi. Hakimu ana majalada mengi mezani. Ukurasa mmoja ulionyooka utasomwa wote.

Uombe nini? Mahakama zina ngazi. Ya kwanza ni siku za kufidia na onyo. Kisha gharama, kozi ya malezi kwa wazazi, kubadilisha mahali pa kukabidhiana. Nchi nyingine zinakwenda mbali zaidi: England na Wales mahakama inaweza kumwamuru mzazi aliyevunja amri afanye kazi bila malipo, kati ya saa 40 na 200, au amlipe mwenzake hasara ya fedha aliyopata. Ufaransa, kukataa kumtoa mtoto kwa mtu mwenye haki ya kumdai ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 15,000. Ngazi ya juu kabisa si gereza, ni kubadilisha makazi ya mtoto, ahamie kwako. Hufanyika mara chache, mahakama inaporidhika kwamba mzazi anayeishi naye hatamruhusu kamwe awe na uhusiano na yule mwingine.

Ushauri wangu ni huu: omba kwanza kile kinachomrudisha mtoto kwako wiki ijayo. Mama au baba akifungwa, mtoto atajua ni nani aliyempeleka huko, na hilo mtalibeba nyinyi wawili kwa miaka. Weka adhabu mwishoni mwa maombi yako kwa ajili ya yule anayerudia.

Polisi je? Mahali pengi watakuambia hilo ni shauri la madai, si la jinai, rudi mahakamani. Wanaweza kukusaidia pale amri yenyewe inapowaagiza, au pale mtoto anapofichwa au kutoroshwa. Bado inafaa kuripoti tukio kubwa, kwa ajili ya kumbukumbu.

Mtoto mwenyewe akisema hataki

Hili huumiza kuliko mlango uliofungwa. Mtoto uliyembeba mgongoni anasimama mbele yako, anaangalia chini, anasema hataki kwenda nawe.

Usimbishie. Usimwambie "ni mama yako amekufundisha", hata kama unaamini hivyo, maana umemlazimisha kumtetea. Mwambie umesikia, unampenda, na utakuja tena Jumamosi ileile. Kisha uje kweli. Sababu zinaweza kuwa nyingi: analishwa maneno, anaogopa kumwudhi anayeishi naye, amechoka na ugomvi wenu, au kuna jambo kwako linalomtisha kwa kweli. Maoni ya mtoto yana haki ya kusikilizwa kulingana na umri na ukomavu wake, ibara ya 12 ya mkataba ule wa 1989 inasema hivyo, na mahakama zina watu waliofunzwa kumsikiliza bila kumweka katikati. Omba atumwe mtaalamu huyo. Kwa kijana wa miaka kumi na tano, kwa kweli, amri peke yake haitafika mbali. Hapo uvumilivu na ujumbe mfupi usiodai jibu hufanya kazi zaidi.

Akivushwa mpaka

Ukihisi kuna mpango wa kumhamisha nchi, wahi kabla hajaondoka: omba amri ya kumzuia mtoto kusafirishwa na ya pasipoti yake kuwekwa mahakamani, na upeleke nakala kwa mamlaka ya uhamiaji.

Kama ameshaondoka, kuna Mkataba wa The Hague wa 25 Oktoba 1980 kuhusu utekaji wa watoto kimataifa unaofanywa na wazazi. Unamhusu mtoto aliye chini ya miaka 16, na lengo lake ni kumrudisha katika nchi aliyokuwa akiishi ili mahakama za huko ndizo ziamue malezi. Mwaka mmoja ndio mstari: ukifungua maombi kabla mwaka haujatimia tangu achukuliwe, mahakama hutakiwa kuamuru arudishwe mara moja, isipokuwa kwa sababu chache kama hatari kubwa kwake. Ukipita, mzazi aliyemchukua anaweza kujitetea kwamba mtoto ameshazoea mazingira mapya. Nchi zaidi ya 100 zimo katika mkataba huo, lakini si zote zimekubaliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kagua kama unatumika kati ya nchi mbili zinazokuhusu. Kila nchi mwanachama ina mamlaka kuu ya kupokea maombi, na ibara ya 21 inakuruhusu kuiomba ikusaidie kuonana na mtoto hata kama hudai arudishwe.

Siku atakapokuja

Amri imetoka, mlango umefunguliwa, mtoto anatoka na begi lake. Kama ni miezi mingi, atakuwa mrefu kuliko unavyomkumbuka, na huenda akakuamkia kama anavyomwamkia mgeni. Mpe nafasi. Usimpangie siku ya sherehe na ndugu ishirini wanaomlilia. Fanyeni jambo dogo mlilokuwa mkilifanya zamani. Usimuulize kinachosemwa nyumbani kwao. Akitaja jina la mwenzi mpya wa mama yake, lipokee kama jina lolote.

Ziara fupi na za karibukaribu humrudisha mtoto mdogo haraka kuliko ziara moja ndefu kwa mwezi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua hivyo, uongeze muda anapozoea.

Jioni mfungie begi lake mapema. Msifikie saa ya mwisho mkikimbizana. Mfikishe mlangoni kabla ya wakati, msalimie mzazi mwenzako, mweleze mtoto amekula nini na kama ana kazi ya shule, kisha uage. Ukishafika kwako, fungua daftari: "Jumapili. Nimemrudisha 11:55 jioni. Amekula. Ameniuliza kama Jumamosi ile nyingine bado ipo. Nimemwambia ipo."